Mwanza mjini, kivuko cha Kamanga au Ukerewe: wapi ushuti filamu yako ya mapenzi ya kuchekesha?

Skripti imekamilika. Kuna wawili wanaopendana kwa namna ambayo majirani hawaielewi, kuna shangazi mwenye maoni juu ya kila kitu, na kuna baiskeli inayokata mnyororo kila siku ya miadi. Huna kampuni nyuma yako. Una kamera ya kuazima au simu nzuri, maiki mbili, marafiki wanaojua kuigiza, na akiba uliyoweka kidogo kidogo. Sasa umekwama kwenye swali ambalo watu wengi wa kanda ya ziwa hukwamia: tukashuti wapi?

Wengi huanza na uzuri wa mahali. Jiwe la Bismarck jua likizama ni picha nzuri kweli, lakini haiwezi kubeba dakika 90 peke yake. Filamu ya mapenzi ya kuchekesha hubebwa na kizuizi, yaani kile kinachowazuia wawili wasipatane mapema, pamoja na jinsi wanavyohangaika kukizunguka. Katika filamu zetu nyingi kizuizi ni baba tajiri au rafiki msaliti, na mambo hayo yanaweza kutokea katika sebule yoyote ya Dar es Salaam. Huku ziwani mahali penyewe panaweza kuwazuia wapenzi wako, tena bure. Ndiyo maana nakuomba uchague lokesheni kwa kuangalia inawafanyia nini wahusika, kisha ndipo uangalie inavyopendeza.

Nitalinganisha sehemu tatu: Mwanza mjini kwenye vilima vya mawe, kivuko cha Kamanga pamoja na ng'ambo yake, na kisiwa cha Ukerewe. Kote nitaangalia mambo manne. La kwanza ni kizuizi ambacho mahali panakupa. La pili ni sauti na mwanga, nami nimetanguliza sauti kwa makusudi: mtazamaji husamehe picha yenye chenga, lakini kichekesho kikipoteza neno moja tu hakichekeshi tena. La tatu ni watu na vibali. La nne ni pesa na ratiba.

Yasiyobadilika popote utakapoenda

Filamu inahitaji kibali cha Bodi ya Filamu kabla ya kuanza kushuti. Msingi wake ni Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na kazi ikiisha hurudi kwenye Bodi kukaguliwa na kupangiwa daraja la umri wa watazamaji. Ukiwa Mwanza au Nansio kule Ukerewe, anza kwa afisa utamaduni wa halmashauri. Atakuelekeza upesi kuliko kuuliza mitandaoni. Ndege nyuki (droni) ina vibali vyake, na Mamlaka ya Usafiri wa Anga inahusika. Uwanja wa ndege wa Mwanza uko Ilemela, kandokando ya ziwa, kwa hiyo usirushe kitu hewani kwa kudhani ni fukwe tupu.

Mwanga wetu nao una tabia zake. Tuko karibu nyuzi 2 na nusu kusini mwa ikweta, hivyo mchana jua hukaa utosini na macho ya mwigizaji hugeuka mashimo meusi. Jioni jua hushuka wima, huzama karibu saa 1, na giza huingia bila kubisha hodi. Saa nzuri ni kuanzia saa 1 hadi saa 4 asubuhi, kisha saa 10 jioni hadi jua linapozama. Kati ya hapo shuti barazani, chini ya mwembe, au mle chakula. Miezi ya Juni hadi Septemba ni mikavu na rahisi kupangia ratiba. Masika ya Machi hadi Mei yatakula siku zako.

Mwanza mjini

*Kizuizi.* Mjini kizuizi ni macho ya watu. Panda Mabatini, Igogo au mteremko wa Bugando uangalie nyumba zilivyopachikwa kati ya mawe. Njia ni ngazi, ngazi zinapita mbele ya baraza za watu, na kila baraza ina mtu anayechambua mchele au kusuka nywele. Kijana akipanda na kuku mkononi kwenda kwa kina fulani, habari hufika juu kabla yake. Akifika hana pumzi, na maneno ya ndoa aliyoyakariri njia nzima yanatoka nusunusu. Hiyo ni sini nzima, na haijahitaji hata mzaha mmoja wa kutunga. Wape wahusika wako friji la kupandisha, au kitanda cha sita kwa sita, nusu ya filamu imejiandika. Wasukuma wa mjini wana utani mkavu ambao hausikiki sana kwenye filamu zetu. Bibi anayeitikia "mwangaluka" kwa upole huku akimpima kijana kuanzia viatu ana nguvu kuliko mhusika anayepiga kelele.

*Sauti na mwanga.* Sauti ndiyo gharama halisi ya mjini. Kuna daladala, spika za maduka, fundi wa kuchomelea, adhana, mazoezi ya kwaya, na jirani mpenda muziki. Pengo kati ya mawe mawili makubwa hukata upepo na kupunguza kelele ya barabara, ila hurudisha mwangwi. Tundika blanketi mbili nje ya picha. Ndani ya nyumba ya bati usipange mazungumzo wakati wa mvua. Kwa mwanga, mawe ni rafiki. Yana kivuli karibu saa zote, hivyo hata saa 6 mchana unaweza kupata kona ya kufanyia kazi. Na kwa kuwa jiji liko ufukwe wa mashariki wa ghuba, machweo ya Capri Point na Kamanga yanaangukia majini mbele ya kamera.

*Watu na vibali.* Mwenyekiti wa mtaa kwanza, siku kadhaa kabla. Watoto watajaa. Usiwafukuze, wape kazi vijana wawili wa mtaa huohuo wawashike kwa utulivu, nao walipwe. Mwaloni pale Kirumba panavutia sana kwa picha, marundo ya dagaa na kelele za bei, lakini wale wako kazini na dakika zao ni pesa. Ongea na viongozi wa soko, nenda na watu watatu, shuti upesi, ondoka. Mazungumzo marefu ya mapenzi yapeleke kwingine. Faida kubwa ya mjini ni watu wa kufanya nao kazi: wanafunzi wa mawasiliano ya umma wa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kule Malimbe wanatafuta mazoezi, na wengi wana mikono mizuri.

*Pesa na ratiba.* Hapa ndipo mjini kunashinda bila ubishi. Kila mtu analala kwake, betri ikifa duka liko karibu, mvua ikinyesha mnahamia ndani. Ila watu wanaolala kwao hutawanyika. Mpiga picha mzuri wa Mwanza anakula kwa harusi na send-off, kwa hiyo Ijumaa na Jumamosi si wako. Panga Jumatatu hadi Alhamisi na umwambie hivyo tangu mwanzo, asije akalazimika kuchagua kati yako na kodi ya nyumba.

*Inamfaa* anayeanza, mwenye waigizaji wanaofanya kazi za mchana, na mwenye hadithi ya mtaa mmoja wenye watu wengi.

Kivuko cha Kamanga na ng'ambo yake

Miaka michache iliyopita ningetaja Kigongo–Busisi. Foleni ya kivuko kile ilikuwa na kila kitu ambacho mwandishi wa mapenzi angetamani: kusubiri, joto, samaki wa kukaanga, watu wasiojuana wakibanana. Juni 19, 2025 Daraja la J.P. Magufuli likafunguliwa, karibu kilomita 3 juu ya maji, na sasa unavuka kwa dakika chache. Kwa mgonjwa anayekimbizwa Hospitali ya Bugando ni neema kubwa. Kwa skripti iliyojengwa juu ya foleni ile ni lazima kuandika upya, au kukubali kwamba umeandika filamu ya wakati uliopita, na hapo nguo, simu na magari yote yafuate. Kamanga bado kuna kivuko, kinaanzia katikati ya jiji karibu na Jiwe la Bismarck na kuvuka hadi upande wa Sengerema.

*Kizuizi.* Ni muda. Wawili wakigombana barabarani mmoja anadandia bodaboda na sini imeisha. Wakigombana juu ya kivuko hakuna pa kwenda. Watasimama kati ya lori la mihogo na mama mwenye tenga la kuku mpaka nchi kavu, na abiria wote watakuwa wameshachagua upande. Halafu kuna safari ya mwisho ya siku. Anayeikosa amelala ng'ambo, na kesho lazima aeleze. Hadithi ya mkata tiketi na mwalimu anayevuka kila asubuhi ingeweza kusimama kwa chombo hiki kimoja tu, bila villa wala gari la kifahari.

*Sauti na mwanga.* Injini haizimwi kwa ajili yako. Maiki ndogo ya kifuani, iliyofichwa ndani ya nguo karibu na mdomo, itakupa maneno. Maiki ya kamera itakupa muungurumo. Hata hivyo panga kurekodi tena baadhi ya maneno chumbani jioni ileile, mwigizaji akiwa bado na hasira ya sini. Mchana upepo wa ziwa huvuma kuelekea nchi kavu, kwa hiyo funika maiki kwa kifuniko cha manyoya na upende safari za asubuhi, maji yakiwa bado yametulia.

Kitu kimoja kinawapa watu shida katika kuhariri: nyuma ya mwigizaji hakukai kama kulivyo. Mji unapungua ukienda, unakua ukirudi. Ukichanganya vipande vya safari mbili katika mazungumzo mamoja, mtazamaji ataona Bismarck ikiruka mbele na nyuma. Njia rahisi ni kuifanya hali hiyo ifanye kazi kwenye hadithi: maneno ya kuachana yashuti mkienda, mji ukififia, ya kupatana mkirudi jioni, jua likiwa nyuma yenu na vilima vya mawe vikiwaka mbele. Ukitaka jua linalochomoza juu ya jiji, lala ng'ambo na uelekeze kamera mashariki. Upande wa mjini huwezi kupata picha hiyo.

*Watu na vibali.* Mwenye chombo ndiye wa kwanza kuongea naye, na nahodha ni wa pili. Pale ndani neno la nahodha ndilo la mwisho. Abiria hawajaja kuigiza. Tangaza kabla ya kuondoka, wenye kutotaka kuonekana wakae nyuma ya kamera, usizibe njia ya magari wala ya maboya. Wazungushie waigizaji wako watu sita hadi kumi wa kikosi chako wakae karibu nao, ili nyuso zinazoonekana vizuri ziwe za waliokubali.

*Pesa na ratiba.* Nauli ni ndogo, siku ni ghali. Safari moja inakupa marudio machache ya sini, kisha mnashuka na kusubiri. Anayekariri vibaya atakuumiza hapa kuliko mahali popote. Nchi kavu ya ng'ambo ni nafuu na tulivu, inafaa kwa sini za nyumbani.

*Inamfaa* mwenye filamu fupi au ya wahusika wawili, waigizaji waliofanya mazoezi ya kutosha, na kikosi kinachoweza kufanya kazi bila kugongana.

Ukerewe

*Kizuizi.* Ni ukoo na mwezi. Kuhusu ukoo sina haja ya kueleza sana. Kisiwani mgeni akinunua soda Nansio, jioni inajulikana alikunywa na nani. Mwezi ndio hazina. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza, wakiwavuta dagaa kwa taa. Mbalamwezi ikikolea taa hazina nguvu, wanapumzika, mitumbwi inakaa ufukweni. Fikiria binti anayempenda mvuvi ambaye usiku wa giza yuko majini na mchana amelala. Wanapata siku chache tu kila mwezi mkubwa, na siku hizohizo kila mtu kisiwani yuko macho. Miadi yao yote imepangwa na anga. Sijui kizuizi cha mapenzi kilicho chetu zaidi ya hicho, na kinaniuma kwamba bado tunaandika kuhusu mageti yanayojifungua yenyewe.

*Sauti na mwanga.* Ukitoka Nansio ukaingia vijijini, utapata utulivu ambao mjini ungeulipia. Majogoo na baiskeli, basi. Ufukweni upepo ni uleule. Usiku wa giza taa za dagaa hupangana ziwani kama mji mwingine, na picha hiyo inahitaji trepodi na uvumilivu tu. Ukitaka sini ya mbalamwezi, kamera ndogo haitaona kitu. Shuti dakika chache baada ya jua kuzama, ukiwa umepunguza mwanga kwenye kamera. Jihadhari na wadudu wa ziwani, wale wanaopanda kama moshi, mara nyingi karibu na mwezi mchanga. Wakiona taa yako watajaa kwenye lenzi na vinywani mwa waigizaji.

*Watu na vibali.* Mtendaji, mwenyekiti wa kijiji, na kwenye mwalo wa wavuvi, viongozi wa kikundi cha usimamizi wa uvuvi. Kikerewe, Kijita na Kikara vinasikika pamoja na Kiswahili. Usimpe mzee wa huku lafudhi ya kuigiza ya "mtu wa kisiwani", mpe mzee mwenyewe nafasi aseme anavyosema. Ukara nako kuna jiwe linalocheza, kivutio kizuri kwa sini ya miadi, lakini ni safari nyingine juu ya maji na lina wenyewe, uwaombe kwa heshima.

Hapa lazima niseme jambo kwa uzito, na linahusu Kamanga pia. Mei 21, 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza. Septemba 20, 2018 MV Nyerere ilizama ikikaribia Bwisya, Ukara, na zaidi ya watu 200 walikufa. Kuna familia kisiwani ambazo hazina haja ya tarehe ili kukumbuka. Chekesheni kwa kuchelewa, kwa nauli, kwa mbuzi aliyekataa kupanda. Mtu anayepiga kelele kwamba chombo kinazama ili watu wacheke asiwepo kabisa, na ukimweka utastahili milango itakayofungwa.

*Pesa na ratiba.* Meli kutoka Mwanza hadi Nansio huchukua zaidi ya saa 3. Njia nyingine ni barabara kupitia Bunda hadi Kisorya, kisha kivuko hadi Rugezi. Kitu kilichosahaulika mjini kitapoteza siku. Watu 12 kwa usiku 10 ni vitanda 120 vya kulipia, pamoja na chakula, na hilo ndilo fungu litakalokushtua. Chakula chenyewe ni kizuri, sato na machungwa, na mama lishe mmoja akipewa kazi ya siku zote kumi atakuokoa. Kitu unachopata kwa pesa hiyo ni kikosi kisichotawanyika. Hakuna harusi ya Jumamosi itakayomwita mpiga picha wako. Jioni mnakula pamoja na kuangalia mlichoshuti, na sini ya kesho inaboreka palepale.

*Inamfaa* mwenye siku mfululizo, pesa ya malazi iliyokwisha patikana, na hadithi inayohitaji jamii nzima ijue siri.

Mbili za pembeni

Saanane, hifadhi ya taifa tangu 2013, iko karibu kabisa na jiji na inafaa sini ya siku moja. Ni hifadhi, kwa hiyo kuna ada na taratibu za TANAPA. Bujora kule Kisesa, kilomita zipatazo 20 kutoka mjini, panafaa kama hadithi yako ina ngoma, hasa msimu wa Bulabo mwezi Juni. Vikundi vya ngoma vilipwe na mkubaliane kwa maandishi kuhusu matumizi ya nyimbo zao.

Uamue vipi

Kama hii ni filamu yako ya kwanza na kikosi hakifiki watu wanane, kaa mjini. Chagua kilima kimoja na nyumba mbili au tatu zinazofikika kwa miguu, usizunguke jiji zima.

Kama una waigizaji wawili wanaoelewana kiasi cha kukatizana maneno bila kupotea, na filamu ni ya dakika 20 hadi 40, nenda Kamanga.

Kama kichekesho chako kinatokana na watu wengi kujua jambo ambalo wawili wanadhani wanalificha, mjini na Ukerewe vyote vinafaa. Tofauti ni kasi. Mjini habari inapanda ngazi kwa dakika, kisiwani inakwenda na baiskeli na inaongezewa njiani. Soma skripti yako kwa sauti, utasikia ni ipi.

Kama maiki zako ni dhaifu, vijiji vya Ukerewe vitakusaidia zaidi ya Kamanga. Kama huwezi kukwepa masika, baki mjini penye mapaa. Kama hadithi inategemea dagaa, chukua kalenda ya mwezi kabla ya kalenda ya waigizaji: usiku wa giza kwa taa za ziwani, mbalamwezi kwa wavuvi kuwa nyumbani.

Kuchanganya kunawezekana. Nyumba na mitaa vishutiwe mjini, siku moja au mbili zitengwe kwa kivuko, na hadithi iseme tu kwamba mmoja anatoka kisiwani. Kuchanganya zote tatu kwa akiba ndogo sikushauri, maana siku zitaishia kwenye kupakia na kupakua.

Kabla hujalipa chochote, nenda na waigizaji wako kwenye lokesheni uliyoichagua, saa ileile utakayoshuti, wasimame pale watakaposimama na waseme ukurasa mmoja wa skripti huku simu ikirekodi. Rudi nyumbani usikilize kwa spika za masikioni. Ukiyapata maneno yote, peleka skripti kwa afisa utamaduni.